Maswali ya Wasomaji: Jina la Tovuti Yetu Ni la Nani?

Miongoni mwa barua zilizotufikia kutoka Nyanda za Juu Kusini, nne zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: mtu anawezaje kujua jina fulani la tovuti, au jina la kikoa kama linavyoitwa rasmi, liko mikononi mwa nani? Tumezifupisha barua hizo na kuondoa majina ya waandishi. Ya kwanza imejibiwa kwa kirefu kuliko nyingine, kwa kuwa mwandishi wake hana muda wa kupoteza.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaouza mchele hapa Kyela. Mwaka 2019 kijana mmoja aliyekuwa na duka la kompyuta hapa mjini alitutengenezea tovuti yenye jina la kikundi chetu, linaloishia na .com. Tulimlipa, na kila mwaka tumekuwa tukimtumia fedha ya kulihuisha. Sasa kijana amehamia Dar es Salaam na simu yake haipatikani. Wiki mbili zilizopita tovuti ilitoweka, na barua pepe zetu zikatoweka nayo. Tovuti ni yetu kwa sababu sisi ndio tuliolipa. Je, tutajuaje jina liko wapi, na tutalirudishaje?* Katibu, Kyela.

Mama Katibu, pole kwa usumbufu. Naomba nianze na sentensi ambayo haitakufurahisha: kulipa hakumfanyi mtu kuwa mwenye jina. Chukulia kizimba cha sokoni. Anayetambuliwa ni yule aliyeandikwa katika daftari la halmashauri, hata kama mchele uliomo ni wa mtu mwingine na ushuru unatoka mfukoni mwa mtu wa tatu. Majina ya tovuti nayo yana daftari lake, na mwenye jina ni yule aliyeandikwa humo. Hata huyo hamiliki milele, maana jina hukodishwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na kwa majina ya .com muda huo hauzidi miaka 10 kwa mkupuo.

Daftari la majina yote ya .com linatunzwa na kampuni ya Verisign ya Marekani. Verisign haimuuzii jina mwananchi wa kawaida, bali kazi hiyo hufanywa na wasajili, yaani kampuni zilizoidhinishwa na ICANN, shirika linaloratibu majina ya tovuti duniani, lililoundwa mwaka 1998 na lenye makao yake California. Chini ya wasajili wapo mawakala, na chini ya mawakala wapo mafundi kama kijana wenu, ambao mara nyingi hufungua akaunti moja na kuweka humo majina ya wateja wao wote. Simtuhumu kijana kwa wizi. Wengi hufanya hivyo kwa urahisi tu, bila kufikiria siku watakapohama mji au kupoteza simu.

Kulitazama daftari hakuhitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Fungua kivinjari cha simu yako, nenda lookup.icann.org, kisha andika jina la tovuti yenu bila kutanguliza herufi za www. Utafutaji huu umejulikana kwa miaka mingi kwa jina la Whois, mfumo ulioanza mwaka 1982 wakati mashine zilizounganishwa zilikuwa chache mno. Tangu tarehe 28 Januari 2025 wasajili wa majina kama .com hawalazimiki tena kuuendesha, na mahali pake pamechukuliwa na mfumo mpya uitwao RDAP. Watu bado husema Whois, nami nitaendelea kusema hivyo.

Majibu yatakuja kwa Kiingereza, na mistari mingi haikuhusu. Usihangaike nayo, tafuta minne tu.

Mstari wa kwanza ni ule wa “Registrant”, yaani aliyeandikwa kuwa mwenye jina. Hapo karibu kila mara utakuta maneno ya kukuarifu kwamba taarifa zimefichwa kwa ajili ya faragha. Hadi mwaka 2018 mstari huo ulionyesha jina la mtu, anwani, simu na barua pepe, na yeyote duniani aliweza kuvisoma. Ilipoanza kutumika sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, tarehe 25 Mei 2018, wasajili walizifunika taarifa hizo karibu kila mahali. Kinachobaki wazi mara nyingi ni nchi, mkoa, na wakati mwingine jina la taasisi. Ukiona jina la kikundi chenu kwenye nafasi ya taasisi, shukuru Mungu, kwa kuwa ni ushahidi mzuri. Ukiona nchi ya Iceland, usidhani kijana amekimbilia huko, kwani zipo huduma za kuficha majina zinazotumia anwani ya Reykjavik kwa niaba ya wateja wao.

Mstari wa pili ni “Registrar”, yaani msajili, na kwenu ninyi huu ndio wenye thamani kuliko yote, kwa sababu haufichwi. Msajili anajua jina lilisajiliwa na nani, kwa barua pepe gani, na ada ililipwa lini mara ya mwisho. Daftari likikataa kukutajia mtu, litakutajia mlango wa kubisha.

Mstari wa tatu ni hali ya jina, nao usome pamoja na wa nne, ambao ni tarehe ya kuisha muda. Hapa ndipo wengi hupotea. Muda wa jina la .com ukiisha, daftari la Verisign huongeza mwaka mmoja lenyewe, kisha humwachia msajili hadi siku 45 za kuamua kama analibakiza au analifuta. Kwa hiyo unaweza kukuta tarehe ya mwakani, ukatulia moyo, kumbe kwa msajili jina limekwisha muda na hakuna aliyelipa. Dalili yake ni maneno “auto renew period” kwenye mstari wa hali. Ukiyakuta, jina bado linaweza kulipiwa kwa msajili, mara nyingi kwa ada ya kawaida, ingawa wasajili wengine hawasubiri siku zote 45. Ukikuta “redemption period”, jina limeshafutwa na lipo katika siku 30 za kukombolewa, ambapo aliyekuwa nalo pekee ndiye anayeweza kulirudisha, kwa malipo ambayo kwa kawaida ni mara kadhaa ya ada ya mwaka. Ukikuta “pending delete”, zimebaki siku zisizozidi 5, hakuna awezaye kulizuia, na baada ya hapo jina ni la atakayewahi. Wapo watu duniani ambao kazi yao ni kuwahi, tena kwa kutumia programu zisizolala.

Angalia pia namna tarehe inavyoandikwa. Mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku, halafu herufi T, saa, na mwishoni herufi Z. Z ina maana kwamba saa hiyo ni ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Jina lililoandikiwa kuisha tarehe 14 saa 22:00:00Z kwetu linaisha tarehe 15, saa saba usiku. Jirani mmoja, aliyesoma tarehe bila kusoma saa, alinionyesha simu yake akisema ana siku nzima mbele, kumbe alikuwa na asubuhi tu.

Sasa fanyeni hivi, na mfanye wiki hii. Mwandikieni msajili aliyetajwa, mkieleza kwamba ninyi ni kikundi, jina ni la kikundi, na aliyelisajili alikuwa fundi wenu. Ambatanisheni cheti cha usajili wa kikundi, muhtasari wa kikao uliopigwa muhuri, stakabadhi za malipo, na ujumbe wa simu mliokuwa mkitumiwa kila mlipolipa. Msajili halazimiki kuwaamini mara moja, na huenda akasema anamtambua aliyeandikwa tu. Lakini maombi yenye nyaraka humfanya amtafute mteja wake kwa barua pepe mnayoweza kuwa hamna. Mwulizeni pia kama anapokea malipo ya kuhuisha kutoka kwa mtu asiye mwenye akaunti. Wapo wanaokubali, na malipo hayo, ingawa hayawapi umiliki, yatawapa mwaka wa kupumua.

Wakati huo huo mtafuteni kijana kwa njia za kwetu: wazazi wake, mwenye nyumba aliyempangisha fremu ya duka, mafundi wenzake. Mkimpata, msianze na polisi. Mwombeni alihamishie jina kwenye akaunti ya kikundi kwa msajili yule yule, jambo ambalo kwa wasajili wengi ni la dakika chache, na abadilishe mwenye jina kuwa kikundi. Mkitaka kwenda kwa msajili mwingine, mtahitaji msimbo wa kuhamishia, ambao msajili anapaswa kumpa mwenye jina ndani ya siku 5 tangu auombe. Kuhama kwa jinsi hiyo huweza kuzuiwa kwa siku 60 baada ya mabadiliko ya mwenye jina, kwa hiyo kwanza hakikisheni muda umelipiwa, ndipo mhame.

Jambo la mwisho kwako, Mama. Kanuni za ICANN zinamtaka msajili amkumbushe mwenye jina takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, tena takriban wiki moja kabla, na mara nyingine tena baada ya kuisha. Nina hakika vikumbusho hivyo vilitumwa. Swali ni kwa nani. Mimi mwenyewe nilikaribia kupoteza jina la jarida dogo nililokuwa nikilihariri, kwa sababu niliandikisha barua pepe iliyokuwa chini ya jina hilo hilo. Jina lilipozimika, anwani ya kupokelea onyo ilizimika pia. Mkilirudisha jina lenu, andikisheni barua pepe ya nje ya tovuti yenu, inayofunguliwa na viongozi wawili angalau, na paswedi yake iandikwe katika kitabu cha kikundi na kufungiwa kabatini pamoja na muhuri.

*Ndugu Mhariri, nina nyumba ya wageni hapa Iringa, ambayo jina lake nimelisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Nilipotaka kufungua tovuti nilikuta jina langu la .com limeshachukuliwa, na ukurasa wake una matangazo tu. Nataka kumjua aliyelichukua, aniuzie au nimshitaki.* Mfanyabiashara, Iringa.

Ndugu yangu, tafuta msajili kama nilivyoeleza hapo juu, kisha utumie fomu au anwani ya kumfikia mwenye jina, ambayo wasajili wa .com wanatakiwa kuiweka hata pale wanapomficha. Ujumbe utamfika, ila kujibu ni hiari yake. Unapoandika, usieleze ukubwa wa biashara yako wala haraka uliyo nayo, maana bei itapanda kabla hujamaliza salamu.

Kuhusu kushitaki, upo utaratibu wa ICANN wa mwaka 1999 wa kusuluhisha migogoro ya majina, na kituo kinachojulikana zaidi katika kazi hiyo ni kile cha Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, kilichoko Geneva. Utatakiwa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yako ya biashara kiasi cha kuchanganya watu, kwamba mwenzako hana haki wala sababu halali ya kulitumia, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kumbuka kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili tofauti, hata kama vyote husajiliwa BRELA. Ada ya WIPO kwa shauri la mwamuzi mmoja ni dola 1,500 za Marekani, nami sioni nyumba ya wageni inayopaswa kutoa fedha hizo kabla ya kuangalia kama jina lake la .co.tz liko wazi. Mgeni anayetafuta mahali pa kulala kabla ya kwenda Ruaha hatajali mwisho wa jina. Atajali maji ya moto.

*Mhariri, mimi ni mkulima wa parachichi, Njombe. Kuna kampuni imetupigia simu ikisema inanunua kwa ajili ya soko la nje, ina tovuti nzuri sana, na inadai imefanya kazi tangu mwaka 2009. Inataka kila mkulima atume fedha ya usajili kwanza. Je, daftari unalolizungumzia linaweza kunisaidia?* Mkulima, Njombe.

Linaweza, Ndugu Mkulima, na katika swali kama lako hulazimiki kujua jina la mtu. Tazama tarehe ya kuandikishwa, ile iliyo karibu na neno “Created”. Kampuni inayojinasibu kwa miaka yote hiyo huku jina la tovuti yake likiwa limeandikishwa wiki tatu zilizopita ina jambo la kueleza. Pengine ina maelezo mazuri, kwa kuwa hata kampuni ya kweli inaweza kubadili jina. Waulize, kisha usikilize namna wanavyojibu.

Tarehe ya zamani nayo isikulaze usingizi. Majina yaliyoachwa na wenyewe hununuliwa na watu wengine, na wengine huyatafuta kwa makusudi yale yenye umri ili waonekane wazee. Ndiyo maana ni vizuri kupita pia kwenye hifadhi ya Internet Archive, ambayo imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa za tovuti tangu mwaka 1996. Andika jina la tovuti katika web.archive.org uone ilivyokuwa mwaka juzi. Ikiwa wanunuzi wa parachichi wa leo walikuwa wauzaji wa viatu mwaka juzi, umepata jibu.

Soma pia jina lenyewe kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa mwenye mamlaka yuko mwishoni. Jina example.com limetengwa kimataifa kwa ajili ya mifano, kwa hiyo nalitumia bila kumsingizia mtu. Mtu mwenye example.com anaweza kutengeneza anwani isemayo brela.go.tz.example.com, na msomaji mwenye haraka akaona brela.go.tz tu, akaamini yuko serikalini. Anwani hiyo ni ya mwenye example.com na si ya mwingine. Serikali ya Tanzania hutumia .go.tz, na herufi hizo lazima ziwe za mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https:// mwanzoni. Kwenye simu, upau wa anwani ni mfupi na hukata maneno. Uguse, uvute hadi uone mwisho.

Ikiwa tovuti yao inaishia na .tz, utafutaji wa ICANN huenda usikupe kitu, kwa sababu kila nchi ina daftari lake. Fungua iana.org, nenda kwenye orodha ya vikoa vya juu, uguse .tz, nawe utaonyeshwa msimamizi wa daftari letu na mahali pa kutafuta. Kwa Tanzania majina haya yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini mjini Mbeya. Baada ya hapo litafute jina la kampuni katika mfumo wa BRELA. Kampuni ambayo haipo BRELA, na tovuti yake ilizaliwa mwezi uliopita, haistahili hata nauli ya kwenda kuiona.

Kama fedha zimeshatumwa, nenda kituo cha polisi na picha za kurasa hizo, ujumbe wa simu na risiti za miamala, kwa kuwa ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba iliyokupigia itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kwenye majibu ya Whois utaona pia barua pepe ya msajili ya kupokea malalamiko ya matumizi mabaya, nayo huandikwa wazi. Mwandikie, maana tovuti ikizimwa leo itakuwa imewaokoa wenzako wa Wanging'ombe ambao bado hawajapigiwa. Jina halisi la mtu aliyejificha linaweza kuombwa na polisi au wakili mwenye sababu ya kisheria, na tangu Novemba 2023 ICANN ina huduma ya kupokea maombi ya namna hiyo na kuyapeleka kwa wasajili waliojiunga nayo. Kazi hiyo waachie wao.

*Mhariri, ninaendesha tovuti ya mitihani ya majaribio. Tangu nilipoisajili napigiwa simu na watu wa nje wanaotaka kunitengenezea tovuti. Namba yangu wameipata wapi, na naweza kuandika namba ya uongo?* Mwalimu, Uyole.

Mwalimu, yamkini wameipata katika daftari hilo hilo. Mwombe msajili wako aifiche. Wengi hufanya hivyo bure, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumikaje. Namba iliyokwisha kunakiliwa na wakusanyaji hairudi, kwa hiyo simu hazitakoma siku moja. Ya uongo usiandike. Msajili wa .com anapaswa kuthibitisha barua pepe au simu ya mwenye jina, na usipojibu ndani ya siku 15 tovuti inaweza kusimamishwa. Nunua laini nyingine, isajili kwa kitambulisho chako, iandikishe huko, na simu yake iweke kwenye droo ya meza, ikiwa na chaji.